Umeridhika peke yako, kisha anatokea mtu

Mwanamke anayeishi peke yake kwa raha zake hana pengo la kuzibwa, ana ratiba. Ushauri mwingi wa mapenzi hulisahau hilo. Humwambia ajiweke tayari, naye anaanza kufuta mambo yake. Mimi katika ushauri nasaha huanzia kwenye kalenda.

Andika wiki yako ya kawaida saa kwa saa: kazi, usingizi, mazoezi, ndugu, marafiki, hata zile saa za kukaa kimya. Chagua matatu yanayokurudishia nguvu. Hayo hayaguswi kwa miezi mitatu ya mwanzo. Mgeni apewe zilizobaki, tuseme jioni moja, pamoja na nusu ya siku ya mapumziko, jumla saa sita hivi kwa wiki.

Utaona ni kidogo. Lakini utafiti wa Jeffrey Hall wa Marekani, uliotoka 2018, ulikadiria kwamba urafiki wa karibu huhitaji zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja. Ulihusu marafiki, si wapenzi, ila hesabu inasaidia: kwa saa sita kwa wiki, ni takriban miezi minane. Anayetaka jibu baada ya wiki tatu anaharakisha kitu kisichoharakishwa.

Mambo yanapoharibika, mara nyingi huanza kwa kughairi rafiki. Leo "tutaonana wiki ijayo", wiki ijayo hivyo hivyo, na mwisho yule ambaye angekwambia "mbona huyu anakukatiza kila ukizungumza?" hayupo tena karibu.

Mjaribu kwa hapana ndogo mapema: "Leo nimechoka, tuonane Alhamisi." Anayejibu "sawa, saa ngapi?" endelea naye. Anayenuna, anayenyamaza siku nzima au anayetokea mlangoni na zawadi amekwisha kukujibu.

Kuna upande wa pili pia, maana kuridhika na kujificha hufanana kwa nje. Andika kasoro tano za mtu wa mwisho aliyekupenda. Zikihusu ukali, uongo au pesa, ulikuwa na haki ya kuondoka. Zikiwa ni viatu, lafudhi na anavyocheka, basi ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea.

Ufunguo wa nyumba usimpe kwa sababu tu ni rahisi kuliko kumfungulia. Mpe siku ambayo hutajali akiingia wewe haupo, na umeshaona mara kadhaa anavyopokea hapana.