Halloween ni mkesha: jina lenyewe linasema

Mwaka huu tena mwanafunzi amenisimamisha mlangoni: "Mwalimu, si ni Papa aliyeichukua sikukuu ya wapagani akaibatiza, ikawa Halloween?" Nafundisha historia ya Kanisa, na kila Oktoba swali hili hunifikia. Mara nyingi hufuatana na sauti za wahubiri zinazozunguka WhatsApp, zikisema kwamba Oktoba 31 ni siku ya Samhain, mungu wa mauti, na kwamba mzazi anayemvalisha mwanawe kinyago usiku huo amemtoa kafara.

Tuanze na jina. Halloween ni kifupi cha maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya jioni ya kuamkia Watakatifu Wote. Sisi tunalo neno la jambo hilo: mkesha. Novemba 1 Wakatoliki huadhimisha Sherehe ya Watakatifu Wote, na Novemba 2 huwaombea marehemu wote. Kwa hiyo Oktoba 31 ilipata jina lake kwa sikukuu ya kesho yake, kama vile mkesha wa Krismasi.

Je, tarehe yenyewe ilitoka wapi? Hapa ndipo hadithi ya "kubatizwa" inapokwama. Mwaka 609 Papa Bonifasi wa Nne aliliweka wakfu Pantheon, hekalu la kale la Roma, kwa heshima ya Bikira Maria na wafiadini wote, na siku yake ilikuwa Mei 13. Mahali pengine walikuwa na tarehe zao. Nawaomba wanafunzi wangu waitazame Ireland kwa makini, kwa sababu ndiko walikokuwa wapagani walioadhimisha Samhain, ambayo kwao ilikuwa sikukuu, si mungu. Katika orodha ya watakatifu iliyoandikwa na watawa wa Tallaght, karibu na Dublin, mnamo mwaka 800 hivi, sikukuu ya watakatifu wote wa Ireland, Uingereza na Ulaya nzima iko Aprili 20. Aprili! Wakati huohuo, mbali na huko, msomi Alcuin alikuwa akimhimiza rafiki yake Arno, askofu wa Salzburg, aiadhimishe Novemba 1, na mwaka 835 mfalme Louis Mcha Mungu akaieneza tarehe hiyo katika milki yake ya Wafranki, yaani sehemu kubwa ya Ufaransa na Ujerumani ya leo. Basi Novemba 1 ilipata nguvu upande wa Wajerumani na Wafranki, huku Waairishi, wenye Samhain yao, wakiwa na Aprili. Kama Kanisa lilikusudia kuifunika Samhain, lilianzia mahali pasipokuwa na Samhain.

Sisemi Samhain haikuwapo. Ilikuwapo, na hutamkwa karibu na "sawin". Ulikuwa mwanzo wa majira ya baridi: ng'ombe walishushwa kutoka malisho ya milimani, na wale ambao nyasi zisingewatosha walichinjwa. Watu walikusanyika, walikula, walilipana madeni, na waliamini kwamba usiku ule milango ya ulimwengu wa pili huwa wazi. Leo hii Samhain ndilo jina la mwezi wa Novemba katika Kiairishi. Lakini mungu wa mauti mwenye jina hilo hayumo katika maandiko yao ya kale. Aliingizwa na waandishi wa karne ya 18 waliopenda kubuni miungu kutokana na maneno, Charles Vallancey akiwa mmojawapo, na vijitabu vya mahubiri vikaendelea kumnakili.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Nera. Usiku wa Samhain, katika jumba la mfalme Ailill huko Cruachan, mfalme aliahidi zawadi kwa atakayethubutu kutoka nje na kumfunga kitanzi cha fito mguuni mmoja wa mateka walionyongwa. Nera akaenda. Maiti ikamwambia ina kiu, imenyongwa ikiwa na kiu. Nera akaibeba mgongoni. Nyumba ya kwanza ilizungukwa na moto, ya pili na maji, wasiweze kuingia; ya tatu ndimo walimopata maji yaliyoachwa bila kumwagwa, na maiti ilipokwisha kunywa ikawatemea wenyeji funda la mwisho, wote wakafa. Baadaye Nera akaingia pangoni, kwenye ulimwengu wa pili, na aliporudi akatoa ushahidi wa maua ya kiangazi katikati ya baridi. Pango hilo lipo bado, katika kaunti ya Roscommon. Mdomo wake ni mdogo, unaingia kwa kutambaa.

Tumeipata hadithi hii kwa sababu mtawa Mkristo aliketi na kalamu akaiandika. Karibu yote tunayojua juu ya Samhain yamepita mikononi mwa watu wa aina yake, karne nyingi baada ya Mtakatifu Patrick, mmisionari wa Ireland.

Wafu wenyewe waliingiaje katika siku hizi? Kwa sehemu kubwa, kwa njia ya toharani, yaani mahali ambapo roho za marehemu hutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Karibu mwaka 998, Odilo, abati wa Cluny huko Ufaransa, aliagiza monasteri zake ziwaombee marehemu wote siku inayofuata Watakatifu Wote, na desturi hiyo ikasambaa. Uingereza kengele zilipigwa usiku kucha kuzifariji roho zilizo toharani. Maskini walipita mlango kwa mlango wakiomba, wakapewa vimkate vya roho, nao wakaahidi kuwaombea marehemu wa nyumba ile. Katika hao naona wazi mababu wa watoto wanaobisha hodi leo wakitaka peremende.

Kisha yakaja Matengenezo, yaliyozaa makanisa ya Kiprotestanti. Martin Luther, mtawa wa Ujerumani, alichagua Oktoba 31, 1517 kutoa hoja zake 95, na kanisa la ngome ya Wittenberg liliitwa la Watakatifu Wote. Kesho yake waumini walikuwa wafike kwa wingi kuona masalia ya watakatifu na kupata rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi. Ndiyo maana Walutheri wa kwetu huadhimisha Matengenezo tarehe ileile ambayo wengine wanaiogopa. Uingereza ilipoikana toharani, kengele za usiku ule zikapigwa marufuku, na waliozipiga kwa siri wakashtakiwa. Maombi yakafutwa, lakini watu hawakuacha kuizunguka mitaa gizani. Naamini hapo ndipo usiku huu ulipoanza kubaki na vitisho bila sala.

Ireland na Scotland desturi ilishikilia zaidi. Njaa kuu ya miaka ya 1840 iliwasukuma Waairishi wengi sana kwenda Marekani, wakakuta boga, kubwa, laini, rahisi kuchonga kuwa taa. Nyumbani kwao walichonga tanipu, mzizi mgumu unaotaka kisu kikali na subira. Mwaka 1943 mwalimu wa shule kutoka Fintown, kaunti ya Donegal, alitoa taa moja ya namna hiyo kwa makumbusho. Tanipu ilikuwa ikiharibika, kwa hiyo wakaitengenezea nakala ya plasta: uso uliosinyaa, macho yaliyozama, meno machache yaliyopinda. Ukiiona hutaifikiria peremende hata kidogo.