Zulia la Kinavajo: nipigie picha pembe

Wanaonitumia picha za zulia wanalodhani ni la kale la Kinavajo hupiga katikati, palipo na misalaba na mapambo ya rangi. Mimi huomba pembe zote nne na upande wa nyuma. Mapambo huigwa kirahisi, lakini namna nyuzi zilivyotandwa si rahisi kuigwa.

Wanavajo, au Wadiné kama wanavyojiita, ni wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, na hufuma kwenye kitanda cha kufumia kilichosimama wima. Mtande wake, zile nyuzi za kusimama, ni uzi mmoja mrefu uliozungushwa juu na chini bila kukatwa. Ndiyo maana zulia hutoka limekamilika pande zote, pindoni lina kamba nyembamba zilizosokotwa, na ncha za kamba hizo huning'inia kwenye pembe nne kama vishada. Matamvua hayapo. Ukikuta ncha za mtande zimekatwa na kurudishwa ndani kwa sindano, fikiria kwanza Oaxaca, Mexico, ambako Wazapoteki hufuma kwa kitanda cha kukanyaga. Wale ni mafundi hodari; wa kulaumiwa ni muuzaji anayeibandika kazi yao jina la wengine. (Matamvua yenyewe yasikutishe moja kwa moja: baadhi ya mazulia ya uzi wa kiwandani uitwao Germantown yalishonewa baada ya kufumwa.)

Kisha liinue kwenye mwanga. Mfumaji hujaza sehemu anayoifikia kabla ya kusogea, na sehemu mbili zinapokutana hubaki mstari mwembamba wa mshazari. Ukiuona, furahi. Usipouona, usikate tamaa.

Umri nautafuta kwenye nyekundu. Nyeupe na kahawia zilitoka kwa kondoo wa Churro, walioletwa na Wahispania, nili ilinunuliwa. Nyekundu iliyokolea hawakuwa nayo, kwa hiyo walichukua kitambaa cha kigeni kiitwacho bayeta, kilichotiwa rangi ya wadudu wa mpungate, wakakifumua uzi kwa uzi na kuufuma upya. Mablanketi hayo ya kujifunga ndiyo ghali kuliko yote. Yale ya mistari mipana huitwa ya chifu, ingawa wavaaji wengi walikuwa watu wenye uwezo wa makabila mengine, kama Waute na Wacheyenne. Moja la aina hiyo liliuzwa California mwaka 2012 kwa dola milioni 1.8.

Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwahamisha Wanavajo kwa nguvu hadi Bosque Redondo, New Mexico, na mifugo yao mingi ikateketea. Walirudi kwao kwa mkataba wa 1868. Tangu hapo uzi wa kiwandani, ukiwemo ule wa Germantown, Pennsylvania, wenye rangi za kemikali, ulizidi kuingia kazini. Reli ilipofika miaka ya 1880, wateja wa mashariki mwa Marekani walitaka kitu cha kutandika sakafuni. Wafanyabiashara kama Lorenzo Hubbell wa Ganado, Arizona, na J. B. Moore wa Crystal, New Mexico, wakaanza kuchagua michoro inayouzika, na Moore akachapisha katalogi. Zulia zito lenye fremu kuzunguka pande zote kwa kawaida ni la enzi hiyo au baada yake, hata muuzaji akikuapia ni la babu wa babu yake.

Ukilipata, usilifue. Nyekundu ya kemikali huchuja kwenye nyeupe, na mimi naliogopa doa hilo kuliko tundu la nondo: tundu fundi mzuri atalifuma upya.