Ziwa Moja Lililokuwa Matatu: Kosa la Ramani ya 1856

Ramani ya Afrika Mashariki iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1856 huwachekesha wengi wanaoiona mara ya kwanza. Katikati ya bara limelala ziwa moja kubwa ajabu, limejipinda mithili ya konokono asiye na gamba, kuanzia karibu na ikweta mpaka kusini kabisa, upande wa Nyasa. Limepewa jina la Unyamwezi. Ziwa hilo halijawahi kuwapo, na utasikia watu wakisema wamisionari walioichora walidanganywa na wenyeji. Si kweli, na kusema hivyo ni kuwavunjia heshima watu waliozijua njia zile.

Wachoraji walikuwa Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Hakuna kati yao aliyefika ziwani. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga akiwahoji wafanyabiashara wa misafara. Waliozoea njia ya Kilwa walimwambia kwamba ukishika magharibi, mwishowe unakuta maji makubwa. Wa njia ya Ujiji wakasema hivyo hivyo, na wa kaskazini kadhalika. Wote walisema kweli: wa kwanza walifika Nyasa, wa pili Tanganyika, wa tatu walizungumzia Ukerewe, ndiyo Ziwa Victoria. Aliyeunganisha ni Erhardt. Ufuko alioupitisha toka maji haya hadi yale ulikuwa makisio yake.

Vipimo vya leo vinalimaliza suala hili. Maji ya Victoria yako takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ya Tanganyika 770, ya Nyasa hayafiki 500. Ziwa moja haliwezi kuwa na ngazi. Tena kati ya ncha ya kusini ya Tanganyika na ncha ya kaskazini ya Nyasa kuna nchi kavu ya zaidi ya kilomita 300.

Ramani hiyo ilichangia wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke kutumwa huku mwaka 1856. Walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir aliwaeleza kwamba maziwa ni matatu, mbalimbali. Wakati huo hawakuwa wameona hata moja. Februari 1858 wakafika Tanganyika, na Agosti Speke akaliona Victoria.

Erhardt na Rebmann nao tuwatendee haki. Kichwa cha ramani yao kilitaja wazi kwamba mahali na ukubwa wa ziwa ni wa kukadiria tu. Na Rebmann huyo huyo, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake mwaka 1848, alipingwa vikali na mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekuwa London na hajakanyaga huku.

Kwa walimu wanaoitumia ramani hii darasani, ushauri wangu ni huu: lifunikeni ziwa kwa karatasi kwanza. Wanafunzi wazifuate njia za misafara toka pwani, wasome majina ya makabila na miji, kisha wajaribu wenyewe kukisia kila njia iliishia kwenye maji gani.