Jinsi Gesi za Oksidi za Kaboni Zinavyonata na Kubadilika kwenye Vichocheo vya Metali

Vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mmenyuko wa kemikali bila vyenyewe kuisha, vingi vya viwandani ni chembe za metali kama platinamu, paladi au nikeli, zenye upana wa nanomita chache, zilizotawanywa juu ya kibebeo chenye vinyweleo kama alumina (oksidi ya alumini) au silika (oksidi ya silikoni). Hutawanywa hivyo kwa sababu gesi hukutana na atomu za usoni tu, na zilizozama ndani hazina kazi.

Kaboni monoksidi ikigusa platinamu husimama wima, kaboni ikiwa chini na oksijeni juu. Kaboni huipa metali jozi ya elektroni, nayo metali huirudishia molekuli elektroni zake mahali panapolegeza kifungo cha kaboni na oksijeni. Ulegevu huo hupimika kwa miale ya infraredi: molekuli iliyo huru huonekana kwenye namba ya wimbi (idadi ya mawimbi ya miale katika sentimita moja, ambayo hupungua kifungo kikilegea) 2143 kwa sentimita, ikishikwa na atomu moja ya platinamu hushuka hadi chini kidogo ya 2100, na ikishikwa na atomu mbili kwa pamoja hushuka zaidi, hata chini ya 1900.

Kaboni dioksidi ni tofauti kabisa. Imenyooka, imetulia, na platinamu huishika kwa shida. Ili ibadilike sharti ipokee elektroni na kupinda, au inaswe na oksijeni ya kibebeo na kuwa kabonati.

Jambo linalostahili kuzingatiwa zaidi ni kwamba mnato uleule unaoiandaa kaboni monoksidi kwa mmenyuko ndio unaoweza kuuzuia. Mkemia Mmarekani Irving Langmuir alionyesha mwaka 1922 kwamba juu ya platinamu gesi hiyo ikizidi, uunguaji wake hupungua, kwa kuwa oksijeni huhitaji nafasi tupu zinazopakana ili igawanyike, na nafasi hizo zimeshajaa. Joto likipanda, baadhi ya molekuli hubanduka, oksijeni hupenya, na mmenyuko hupaa ghafla. Ndiyo maana kichocheo cha bomba la moshi la gari husafisha kidogo sana injini inapowashwa ikiwa baridi.

Kibebeo nacho hakikai bure. Oksidi ya seriamu hutoa oksijeni yake pale inapopakana na metali, kisha hujazwa upya kutoka hewani. Dhahabu, iliyodhaniwa kuwa haifai kitu, ilionyeshwa na Masatake Haruta wa Japani mwaka 1987 kuwa huunguza kaboni monoksidi hata chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, mradi chembe zake ziwe ndogo mno na zikae juu ya oksidi inayofaa.

Kwenye nikeli, ambako wakemia Wafaransa Sabatier na Senderens walipata methani kutoka kaboni monoksidi na haidrojeni mwaka 1902, kifungo cha kaboni na oksijeni hukatika kabisa, na kaboni isiyowahiwa na haidrojeni hujilimbika na kuziba uso. Joto likiwa dogo mno, hatari huwa nyingine: molekuli nne za kaboni monoksidi hung'oa atomu moja ya nikeli na kuondoka nayo zikiwa nikeli kaboneli, mvuke wenye sumu kali, na kichocheo hupotea kidogo kidogo pamoja na gesi.