Polima Haizibi Ufa wa Chini

Wiki hii nimeulizwa tena, hapa hapa Mbeya: "Injinia, njia ya kurukia ndege ina nyufa; tukimwaga lami ya polima juu ya ile iliyopasuka, si tumemaliza?" Hapana. Hata hatujaanza.

Polima, mara nyingi SBS (aina ya mpira wa kiwandani unaochanganywa na lami), huwa asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa lami, na lami yenyewe ni kama asilimia 5 tu ya mchanganyiko wote; iliyobaki ni kokoto na vumbi lake. Kiasi hicho kidogo huifanya lami inyumbuke: haibonyei upesi kwa joto, haikatiki upesi kwa baridi. Naipenda sana. Lakini ufa wa chini, ule wa tabaka la zamani, hupanuka usiku na kujifumba mchana, na huku kwetu Juni na Julai usiku unauma. Kila ukipanuka unalivuta tabaka jipya pale pale. Polima huuchelewesha, haiuzuii. Ukishafika juu, mvua za Novemba hadi Aprili zinaingia, kokoto zinang'oka, na kokoto moja ikivutwa na injini ya jeti inatosha kuharibu mapanga yake.

Kwa hiyo kata kwanza sampuli, yaani vipande vya lami ya zamani hadi chini, uone ufa umeanzia wapi. Ukiwa wa juu, kwangua tabaka lililochakaa. Msingi ukiwa umelowa, fukua na utengeneze mifereji. Niliwahi kuwa kwenye kazi moja ambako sampuli zilirukwa ili kuokoa siku mbili. Nyufa zilirudi kwenye mistari ile ile ya picha tulizopiga kabla. Bado inaniuma.

Eti ndege ni chache, lami itadumu? Lami huzeeshwa na jua na hewa, ndege zitue zisitue. Na tairi la Boeing 737 lina shinikizo la karibu psi 200 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi), takribani mara mbili ya lori.

Eti polima ni ya joto la Dar es Salaam? Uwanja wa Songwe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, Nduli ya Iringa zaidi ya 1,400. Jua la huku ni kali, na lami nyeusi hupata joto kuliko hewa unayoihisi.

Eti lami ya polima ikiwa nzito kutandaza, ongeza moto? Ukipita nyuzi 190 polima inaanza kuharibika. Tatizo ni kupoa njiani. Funika malori kwa turubai, mtambo wa kushindilia uufuate ule wa kutandaza kwa karibu, na msianze alfajiri upepo ukivuma. Hewa ikibaki zaidi ya asilimia 8 ndani ya tabaka, maji yanapita, polima iwepo isiwepo.