Saizi ya jino la mbele inapimwa usoni (ila pua usiiamini sana)

Mtu akija kwangu kutengeneza meno ya bandia na hana jino hata moja, uso wake ndo unaanza kuniambia saizi. Napima upana wa uso, kutoka mfupa wa shavu hili mpaka wa lile, nagawa kwa 16, napata upana wa jino moja kubwa la mbele juu. Uso wa milimita 136 unatoa 8.5, na kweli meno mengi yanacheza humo humo. Halafu nikishamvalisha nta mdomoni nachora alama kwenye pembe za midomo akiwa ametulia tu, hapo ndo chonge zinaishia kwa nyuma.

Kuna na ile ya pua, unashusha mstari wima kutoka kila bawa la pua unatarajia uguse ncha ya chonge. Hii mi naiogopa. Pua zetu wengi ni pana, alafu pua inazidi kutanuka uzeeni wakati jino halikui, sasa ukifuata mstari kichwa kichwa unamvalisha bibi wa watu majembe.

Picha ya zamani naipenda kuliko vyote. Mama mmoja aliniletea ya harusi, ile kubwa ya ukutani, kaitoa kwenye fremu, anacheka kidogo. Usoni kwake mboni kwa mboni ni milimita 62, kwenye picha 31, yani picha ni nusu. Nikapima meno mawili ya mbele, 9.4, nusu yake 4.7, mara mbili, 9.4, nikaona mbona makubwa hivi ila nikapanga tu kwenye nta. Kujiangalia kwenye kioo: "Dokta, haya ya nani?"

Kurudi kwenye picha na lenzi, kumbe ana mwanya! Nilikuwa nimeupima nao. Mwanya milimita 1, nikautoa, jino likabaki 4.2 pichani, yani 8.4 halisi, na mwanya wenyewe 2. Nikamuuliza tuuzibe? Akacheka, "we mwanangu, mzee alinipendea huo huo".

Sasa kwenye kadi ya maabara nikaandika kwa herufi kubwa MWANYA MM 2 USIZIBWE, maana fundi akiona pengo anajua umekosea kupanga, anakusaidia kuyasogeza.