Nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi

Wanaosafiri na dishi kwenye gari la kulala ndani, wawe wameegesha kando ya Ziwa Baringo, Dunga au pembezoni mwa msitu wa Kakamega, wana kauli moja inayojirudia kila jioni ya mechi: "Mawimbi yapo, tena asilimia 90, lakini picha hakuna." Fundi anayepigiwa simu naye, akiwa na haraka, hujibu kwamba basi dekoda imeharibika. Wote wawili wanazungumzia mstari mmoja tu kati ya miwili inayoonyeshwa na dekoda, wa kwanza wa nguvu na wa pili wa ubora, na kwa bahati mbaya ni ule ambao hauleti picha.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Nguvu ya mawimbi ni kiasi cha nishati inayoifikia dekoda kupitia waya katika masafa ambayo imeelekezwa kuyasikiliza. Ubora wa mawimbi ni kipimo cha jinsi dekoda inavyoweza kutenga data inayotakiwa na kelele iliyoandamana nayo, kwa makosa machache iwezekanavyo.

Kinachowapotosha watu ni kwamba nishati hiyo haibagui chanzo chake. LNB, yaani kile kichwa kidogo kinachoshikiliwa mbele ya dishi, hupokea mawimbi yaliyosafiri takriban kilomita 36,000 na kuyakuza kabla ya kuyateremsha kwenye waya, lakini hukuza vilevile kelele ya sakiti zake yenyewe, joto la ardhi na la miti iliyo karibu, na mawimbi ya setelaiti nyingine yoyote ambayo dishi limeiangukia kwa bahati. Ndiyo maana dishi lililolazwa nyasini likisubiri kufungwa laweza kuonyesha nguvu ya nusu au zaidi huku ubora ukiwa sufuri. Redio iliyoachwa katikati ya stesheni mbili hufanya vivyo hivyo: ukiipandisha sauti utapata mvumo mkubwa zaidi, si habari. Kwa sababu hiyohiyo, kile kikuza mawimbi kinachouzwa madukani ili kiunganishwe kwenye waya hupandisha mstari wa kwanza na kumfurahisha mwenye gari, ilhali wa pili hubaki ulipokuwa, kwa kuwa kelele nayo imekuzwa kwa kiasi kilekile. Kina kazi yake pale waya unapokuwa mrefu kupita kiasi, jambo ambalo ni nadra kwenye gari. Hata kile kipimo cha bei nafuu chenye mshale na mlio hupima nguvu peke yake, na kitaililia setelaiti isiyo yako kwa shangwe ileile.

Katika sehemu zetu tofauti hii ina uzito wa pekee, na sababu yake iko juu ya vichwa vyetu. Setelaiti za Eutelsat ambazo DStv huzitumia kwa eneo hili zimekaa juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki, yaani karibu sawasawa juu ya Mogotio, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Baringo. Ukiwa Nakuru mjini, setelaiti haipo kusini wala kaskazini; ipo utosini. Ukiwa Kisumu imeinama upande wa mashariki kwa takriban nyuzi moja na nusu tu. Dishi linaweza kukudanganya hapa, kwa maana sahani zetu nyingi zimeundwa ili LNB isizuie katikati, hivyo uso wake huonekana kutazama chini kwa zaidi ya nyuzi 20 kuliko pale linapotazama kwa kweli. Wageni waliozoea maelekezo ya Ulaya au Marekani, ambako setelaiti huonekana chini upande wa kusini, hushika dira na kuanza kuzunguka gari, na baadhi ya madishi ya kujielekeza yenyewe yaliyotengenezewa huko hayawezi hata kuinuka kiasi hicho.

Sasa, setelaiti ikiwa utosini, kuuzungusha mlingoti wa dishi hakubadilishi sana mahali dishi linapotazama. Kunachobadilisha ni mkao wa LNB. Mawimbi hayo hutumwa kwa mikao miwili, wima na mlalo, na dekoda huchagua mmojawapo kwa kupeleka volti 13 au 18 kwenye waya. LNB ikiwa imegeuka nyuzi 90, dekoda huomba vituo vya wima na kuletewa vya mlalo. Setelaiti ni ileile, nishati ni tele, mstari wa nguvu umejaa, na ubora ni sufuri. Hebu fikiria gari ambalo dishi lake limekazwa juu ya paa: jana liliegeshwa likitazama ziwa, leo linatazama lango. Dishi bado limeelekea angani kama jana, ila LNB imezunguka pamoja na gari. Huyu ndiye mwenye asilimia 90 bila picha, na dekoda yake haina kasoro yoyote.

Kosa la kuinama hujitokeza kwa namna nyingine. Dishi la sentimita 90 huona upana wa takriban nyuzi 2 tu za anga, kwa hiyo tairi moja likipanda jiwe na gari likainama nyuzi 3, setelaiti imepotea, ingawa mstari wa nguvu unaweza kushuka kidogo sana hivi kwamba hutaona tofauti. Kwa huku kwetu pima maji, kile kifaa cha fundi cha kusawazishia, juu ya paa ina faida kuliko dira. Na kivuli kizuri cha mgunga, ambacho kila mpiga kambi hukikimbilia, ndicho kizuizi kamili, kwa kuwa matawi yako hasa pale dishi linapotazama.

Azam, ambayo setelaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, ni habari nyingine: kutoka Kisumu hutafutwa upande wa magharibi, kwenye mwinuko wa takriban nyuzi 57, na huko dira ina kazi. Mvua nayo, kama ile ya alasiri ya Kericho, hudidimiza ubora kabla ya nguvu. Isubiri ipite na usiguse dishi.

Asilimia zenyewe hazina kipimo cha pamoja, na 70 ya dekoda moja si 70 ya nyingine. Kwa hiyo anayesema mawimbi yake ni asilimia 90 hajasoma vibaya. Amesoma nguvu, na inampasa ashuke hadi mstari wa pili kabla ya kuing'oa dekoda na kuipeleka mjini. Akikuta sufuri, alisawazishe gari kwanza, kisha ailegeze LNB na kuizungusha kidogo kidogo, akingoja sekunde chache kila anapoigusa, kwa maana dekoda huupima ubora kwa kuchelewa, na anayezungusha kwa haraka hupapita mahali penyewe bila kujua.